ALu ya watoto inayoyeyuka kwenye maji: nimeitumia nyumbani, na naijua kutokea kiwandani

Nianze na jibu kabisa maana najua kuna wanaosoma hapa mtoto yuko pembeni na homa: hii ALu, dawa mseto ya malaria, ni nzuri, ichukueni, ila baada ya kupima, mpeni mtoto pamoja na kitu chenye mafuta, na mkimaliza suuzeni kikombe mumpe na yale masuuzo. Hayo matatu ndiyo ya kushika. Mengine yote ni maelezo yake, pamoja na sababu za mimi kuamini kwamba hiki kidonge kidogo cha njano ni moja ya kazi bora kabisa za kifamasia kuwahi kufanyika kwa ajili ya watoto wa huku kwetu.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza dawa, na sisemi kugundua, nasema kutengeneza, yaani unachukua unga ambao tayari inajulikana unatibu halafu unahangaika nao mpaka unakuwa kitu ambacho mtu anaweza kukimeza, akakiweka kabatini, kikasafiri kwenye buti la basi la Tanga mchana wa jua kali na kikifika bado kinatibu. Kiwandani tunaiita fomyulesheni. Ukimwambia mtu wewe ni mfamasia anakuwazia dirishani unagawa dawa, ukimwambia mwanasayansi wa dawa anakuwazia na darubini, kumbe siku zangu zinaishia kwenye mizani, kwenye mashine ya kuchanganyia unga, kwenye mashine ya kukandamiza vidonge na kwenye yale makabati ya joto na unyevu ambamo vidonge vinakaa miezi na miezi, tunavitoa kwa awamu kuangalia kama bado viko sawa. Kwa hiyo nikishika kidonge cha mtu mwingine mimi sioni dawa tu, naona maamuzi ya watu, na kwenye hiki nayaona maamuzi mazuri sana.

Kwa wadogo zetu ambao hamkumbuki, sisi tumekulia klorokwini. Uchungu wake hausimuliki, na wengi wetu ilituwasha mwili mzima usiku kucha mpaka unatamani ungebaki na homa yako. Ilipochoka, Tanzania Bara tukahamia SP, yaani sulfadoxine-pyrimethamine, mwaka 2001, nayo haikuchukua muda vimelea vikaizoea, ndipo mwishoni mwa 2006 tukaanza kutumia mseto wa artemether na lumefantrine, ndiyo hiyo ALu. Kenya nao walianza kuutoa mwaka huohuo, Zanzibar wao walikuwa wameshachagua mseto mwingine wa artesunate na amodiaquine. Mseto ulikuwa mkombozi, hilo halina ubishi, lakini kwa mtoto mdogo kulikuwa na shida moja ambayo haikuongelewa sana: kidonge kilikuwa cha kumeza. Sasa mtoto wa mwaka mmoja anameza vipi kidonge?

Walikuwa wanasaga. Nimemtazama mama kwenye benchi la kliniki akiweka kidonge juu ya kipande cha karatasi ya daftari, anakunja, anakandamiza kwa mgongo wa kijiko, akifungua karatasi unga wa njano umeshika kwenye mikunjo, mwingine umebaki kwenye kijiko, mwingine umepeperuka kwenye kitenge. Kilichobaki kinatiwa kwenye soda, mtoto anaonja, anabana meno, anabanwa pua, nusu inaingia nusu inatoka na machozi. Ndani ya kidonge kile kuna miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine, basi, jumla miligramu 140 za dawa yenyewe, ukiacha hata kidogo tu kwenye karatasi umeshamwibia mtoto sehemu ya dozi. Na mama wa watu hana kosa lolote, alipewa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mwanawe.

Hapo ndipo walipoingia watu wa kazi yangu. Novartis wakishirikiana na Medicines for Malaria Venture wa Geneva walikaa wakatengeneza toleo la kuyeyuka kwenye maji, likaitwa Coartem Dispersible, likaanza kutoka mwanzoni mwa 2009. Dawa ni ileile, miligramu zilezile, kilichobadilika ni umbile. Baadaye viwanda vingine vikatoa za kwao za kuyeyuka na ndizo nyingi mnazozikuta vituoni. Tangu hapo zimetumika kwa mamia ya mamilioni ya dozi.

Sasa jinsi inavyofanya kazi ukiwa nayo mkononi. Kidonge ni cha njano, cha duara, bapa, ile ya asili ina herufi CD upande mmoja na NVR upande wa pili. Unaweka maji safi ya kunywa kama mililita 10 hivi, yaani vijiko viwili vya chai, kwa kila kidonge, kwenye kikombe kidogo. Unadondosha. Sekunde chache za kwanza hakuna kitu, halafu ukingo unaanza kuvimba, unapasuka, vinashuka vipande kama theluji ya njano, unazungusha kikombe taratibu na ghafla hakuna kidonge tena, kuna maji ya njano mazito kidogo. Kanuni za kifamasia za Ulaya zinataka kidonge cha aina hii kisambaratike ndani ya dakika 3 kwenye maji ya kawaida, wala siyo ya moto, na vidonge viwili vikishasambaratika kwenye mililita 100 vipite vyote kwenye chekecheo lenye matundu ya maikromita 710, maana yake hata milimita moja haifiki. Hilo sharti la chekecheo nalipenda kwa sababu ndilo linalohakikisha mtoto haukuti mchanga mdomoni. Mtoto akikuta mchanga anatema, ni hivyo tu.

Ila neno kuyeyuka tunalitumia kirahisi. Lumefantrine haiyeyuki kwenye maji, haitaki kabisa, kinachofanyika ni kwamba inasambaa na kuelea kwa muda. Ukiacha kikombe mezani ukaenda kumtafuta mtoto nyuma ya nyumba, ukirudi dawa imeshatulia chini na maji ya juu ni kama ya bure. Ndiyo maana maelekezo yanasema mpe hapohapo, halafu ongeza maji mengine kama mililita 10, suuza, mpe na hayo. Nasisitiza hili la kusuuza kwa sababu nimeona watu wengi wanaliruka, na ukitazama kikombe kilichonywewa bila kusuuzwa utaona duara la njano limeshika chini, ile siyo rangi, ile ni dozi.

Niwaambie kwa nini hiki kitu ni kigumu kutengeneza, maana nje kinaonekana ni kidonge tu. Ukitaka kidonge kisambaratike haraka unakikandamiza kwa nguvu ndogo, lakini ukikikandamiza kidogo kinavunjika kwenye pakti, mtu anafungua anakuta unga. Ukikikandamiza sana hakivunjiki, lakini kwenye maji kinakaa kama kokoto. Katikati hapo kuna upenyo mwembamba na kuutafuta ndiyo kazi, unabadilisha nguvu ya mashine, unabadilisha ukubwa wa chembe, unabadilisha kiasi cha vile viambato saidizi, unapima, unarudia. Kwenye hiki wametumia croscarmellose na crospovidone, ni unga ambao ukiguswa na maji unayavuta ndani na kuvimba kama sponji, ndio unaokipasua kidonge kutoka tumboni mwake. Wameongeza na polysorbate 80 ambayo inasaidia ile lumefantrine isiyopenda maji ilowe. Halafu fikiria, ndani ya kidonge umeweka kitu chenye kiu ya maji namna hiyo halafu unakipeleka Tanga, Mombasa, Pemba, Mtwara, ambako hewa yenyewe ni maji. Kabla ya kusajiliwa dawa za ukanda wetu zinajaribiwa kwenye chemba za nyuzi joto 30 na unyevu mkubwa kwa muda mrefu, pamoja na jaribio la kulazimisha la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6. Kwa hiyo nawaomba sana, msibandue vidonge mapema mkaviweka kwenye kikopo au kwenye karatasi. Kile kifungashio ni sehemu ya dawa, kibandue dakika ile unayotaka kumpa mtoto.

Wengi huwa wananiuliza si wangetengeneza tu sirapu, watoto wanapenda sirapu. Sirapu ni chupa, ni uzito, lori linalobeba dozi za vidonge za wilaya nzima lingebeba sirapu za vijiji vichache, chupa zinapasuka, na kipimo kinategemea kijiko cha nyumbani ambacho kila nyumba kina ukubwa wake. Tena artemether haipendi kukaa muda mrefu ndani ya maji, ndiyo maana nyingi za maji zinakuja kama unga wa kuchanganya na ukishachanganya zinaishi siku chache tu. Kidonge cha kuyeyuka kinakaa kikavu mpaka dakika ya mwisho, na dozi imeshapimwa kiwandani, mama hapimi chochote isipokuwa maji, na maji yakizidi kidogo hakuna madhara. Desemba 2007 WHO walianzisha kampeni ya kutaka dawa zitengenezwe kwa vipimo vya watoto, na hivi vidonge vya kusambaratika ndivyo vilivyokuja kuonekana njia inayofaa zaidi kwa nchi kama zetu. Mimi nakubaliana nao moja kwa moja.

Ladha. Hapa wameweka ladha ya cheri na sakarini. Mtaani kwetu hatuna cheri, wengi wataijua kwenye keki tu, lakini hawakubahatisha, walichukua ladha tatu, cheri, chungwa na stroberi, wakawaonjesha watoto hapahapa Tanzania, halafu ndipo cheri ikachaguliwa. Nimeionja mwenyewe, siwezi kumpa mtoto kitu nisichokionja. Utamu unatangulia, halafu ile harufu ya matunda, halafu nyuma kabisa kuna uchungu fulani unabaki kooni. Siyo juisi, tusidanganyane. Lakini ukilinganisha na ule unga wa kusagwa ndani ya soda ni mbingu na ardhi. Ushauri wangu andaa kitu cha kufuatia papo hapo, ziwa la mama au uji, ule uchungu wa nyuma usipate nafasi ya kumwambia mtoto atapike.

Je, inatibu kuliko ya kusaga? Hapana, na mtu akikwambia inatibu zaidi anakuuzia. Ilipimwa kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2008, na mwandishi wa kwanza alikuwa Dk. Salim Abdulla wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara. Baada ya siku 28 waliopona kwa ile ya kuyeyuka walikuwa asilimia 97.8, wa ile ya kusagwa asilimia 98.5, yaani zinalingana. Kumbuka lakini kwenye utafiti waliosaga ni watu waliofundishwa, na dozi zinasimamiwa. Nyumbani hakuna anayesimamia. Faida ya hiki kidonge unaiona jikoni, saa tisa usiku, umeme umekatika, mtoto analia na mama peke yake.

Saa tisa usiku sijaitoa hewani. Wifi yangu yuko Muheza, na mtoto wake wa pili, kilo 11, alipimwa kwa kile kipimo cha haraka akakutwa na malaria, nikawa niko kwao wikiendi ile. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kwa dozi, 15 hadi chini ya 25 ni viwili, 25 hadi chini ya 35 ni vitatu, 35 kwenda juu ni vinne kama mtu mzima. Dozi ni sita kwa siku tatu, na ya pili ndiyo inayosumbua watu kwa sababu inatolewa zikishapita saa nane tangu ya kwanza, siyo asubuhi. Alipewa ya kwanza saa moja usiku, kwa hiyo ya pili ni saa tisa usiku, halafu ya tatu saa moja usiku wa kesho yake, baada ya hapo ni kila baada ya saa kumi na mbili mpaka sita zitimie. Wifi akaniuliza, "Sasa wifi, huyu kalala na homa imeshuka, si nimwache apumzike nimpe asubuhi?" Nikamwambia hapana wifi, tumwamshe. Artemether inapiga haraka na kwa nguvu lakini saa chache tu imeshaondoka mwilini, lumefantrine ndiyo inayokaa siku kadhaa kufagia vimelea vilivyobaki, na ile dozi ya pili ipo kwa sababu hiyo, kuvikandamiza mapema huku lumefantrine ikijijenga. Tukamwamsha, tukaweka maji kwa mwanga wa simu, kidonge kikasambaratika, akanywa akiwa nusu usingizini, tukasuuza, akamaliza, akanyonya, akalala. Hakuna kubanwa pua. Kaka mtu wa miaka minne aliamka akasimama mlangoni akaniuliza, "Shangazi, na mimi nipe hiyo juisi." Nikamwambia ni dawa ya malaria ya mdogo wako, na nawashauri hivyo wote, msiwaambie watoto ni juisi wala pipi, kidonge chenye ladha nzuri kikiachwa mezani kitaliwa. Kiwekeni juu.

Kuhusu mafuta, maana hapa ndipo dozi nyingi zinapotea bila mtu kujua. Lumefantrine inapenda mafuta, bila mafuta tumboni inapita tu kama ilivyoingia. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa, chakula chenye mafuta mengi kiliongeza lumefantrine inayoingia kwenye damu mara 16 na artemether zaidi ya mara mbili. Mara 16! Hakuna kiambato ambacho mimi nimewahi kukiweka kwenye kidonge kikaleta tofauti ya namna hiyo. Na haihitajiki karamu, utafiti mwingine ulionyesha mililita 36 tu za maziwa ya soya, zenye mafuta gramu 1.2, zinatosha kuifikisha karibu na kiwango chake cha juu. Kwa hiyo anyonye, au anywe maziwa, au uji wenye karanga, au vijiko kadhaa vya mchuzi wa nazi. Mtoto mgonjwa hataki kula, najua, basi hata kidogo hichohicho, na akigoma kabisa mpe dawa hivyohivyo, usisubiri hamu ya kula irudi. Ila usichanganye dawa kwenye bakuli zima la uji, hatalimaliza na hutajua amekunywa kiasi gani. Akitapika ndani ya saa moja mrudie dozi nzima, halafu rudi kituoni uongezewe kidonge ili mfululizo wa dozi usikatike. Na akiwa anatapika kila kitu, hanyonyi, amepata degedege au amelegea haamki vizuri, hapo achana na hii dawa kimbia hospitali, hiyo ni malaria kali na inataka sindano ya artesunate.

Sasa malalamiko yangu, maana siyo kila kitu kimekaa sawa, na hapa siitaji kampuni. Pakti ambayo wifi alipewa haikuwa na kikombe wala alama yoyote ya kupimia maji, ukizingatia mtu aliyetengeneza kidonge kizuri hivi amefikiria mpaka chembe za maikromita, kukosa kikombe cha plastiki chenye mstari wa mililita 10 inauma. Maelekezo ya ndani yalikuwa na herufi ndogo kama sisimizi, Kiswahili kipo lakini kimebanwa pembeni baada ya lugha nyingine. Picha za jua na mwezi zipo na zinasaidia sana kwa mama asiyesoma, ila ile dozi ya pili ya baada ya saa nane haikujitokeza, ningekuwa mimi ningeizungushia rangi nyekundu. Kubwa zaidi, duka moja huko nilikopita nilikuta wanakata pakti, mtu ananunua vidonge viwili vya ALu vya kutuliza homa halafu vingine atakuja akipata hela. Homa inashuka siku ya pili, hela haitafutwi tena. Kwenye vituo vya serikali watoto chini ya miaka mitano hawatakiwi kulipia, kwa hiyo kama kituo kipo karibu anzia huko kabla hujaenda kukatiwa pakti dukani.

Na hili la kutomaliza dozi sasa hivi siyo jambo dogo. Vimelea vyenye usugu wa sehemu kwa artemisinin, ile familia ya dawa ambayo artemether inatoka, vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu upande wa Kagera. ALu bado inatibu kwa sababu lumefantrine iko pale inashikilia, lakini mzigo wote ukiuachia mguu mmoja, nao utachoka.

Niseme kidogo kuhusu hii kazi kwa vijana wa famasi, maana huwa mnaniuliza. Dunia inamjua Tu Youyou wa China, aliyepata Nobeli mwaka 2015 kwa artemisinin, na anastahili kila sifa, familia zetu zinamdai shukrani. Lakini kati ya ugunduzi wake na kikombe cha wifi kuna watu chungu nzima ambao hamtasikia majina yao, aliyechagua sukari bandia badala ya sukari halisi, aliyekataa bachi, yaani mkupuo mzima wa vidonge, kwa sababu kidonge kilichukua dakika 4 badala ya 3, aliyekaa na watoto akaandika nani amekunja uso. Ukisoma famasi Muhimbili au Nairobi wengi wenu mtaenda hospitali na famasi za mitaani, ni kazi nzuri na zinahitajika, ila viwandani tuko wachache mno. Kuna Kilimanjaro School of Pharmacy pale Moshi ambao wamekuwa wakifundisha famasi ya viwandani mahsusi kwa ajili ya Afrika, kuna kiwanda cha Quality Chemical pale Luzira, Kampala, kinachotengeneza ALu iliyopitishwa na WHO, kwa hiyo siyo ndoto za mbali. Ni kazi ya subira. Jaribio moja la stabiliti, lile la makabati ya joto na unyevu, linameza miezi, faili la usajili kurasa hazihesabiki, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanarudisha maswali na kila swali ni jaribio jingine. Mtu anayetaka matokeo ya wiki hii ataumia. Lakini mimi ninapoona mtoto anakunywa dawa bila kubanwa pua nasikia furaha ambayo sijui nyingine inayofanana nayo, hata kama kidonge hakikutoka kwenye mashine yangu.

Kilichokuwa kimebaki ni vichanga chini ya kilo 5, kwa miaka yote hii walikuwa wanapewa dawa iliyopimwa kwa wakubwa wao, kwa makadirio. Julai 2025 Uswisi wakaidhinisha Coartem Baby kwa watoto wa kilo 2 hadi chini ya 5, na Tanzania, Kenya na Uganda ni kati ya nchi 8 za Afrika zilizoshiriki kwenye tathmini. Kinachonifurahisha kama mtu wa fomyulesheni ni kwamba hawakukata tu kidonge nusu. Mwili wa kichanga unaichakata artemether taratibu kuliko wa mtoto mkubwa, kwa hiyo walibadilisha uwiano wenyewe, badala ya artemether 1 kwa lumefantrine 6 ikawa 1 kwa 12, na inaweza kuchanganywa hata na maziwa ya mama. Halafu Novemba 2025 yakatangazwa matokeo ya GanLum, yaani dawa mpya ya ganaplacide pamoja na lumefantrine iliyotengenezwa upya kwa namna ambayo inaingia mwilini vizuri zaidi, ni chengachenga kwenye kipakti, mara moja kwa siku kwa siku tatu. Mara moja kwa siku, ikimaanisha hakuna saa tisa usiku. Molekuli ya lumefantrine ni ileile tuliyonayo tangu 2006, kilichobadilika ni mikono ya watu wa fomyulesheni. Naisubiri kwa hamu isajiliwe na kufika huku.

Kwa sasa nyota nne na nusu kati ya tano kwa kidonge chenyewe, nusu nimeikata kwa ule uchungu wa nyuma. Kwa kifungashio cha hii niliyoiona nyota mbili na nusu. Ukienda kununua sema wazi unataka ya watoto ya kuyeyusha, na utaje kilo za mtoto badala ya umri, angalia alama ya jani la kijani ya dawa mseto za malaria kwenye boksi, tarehe ya kuisha, namba ya usajili, na kama pakti imekatwa au kidonge kimeota madoa au kimeanza kumomonyoka usichukue. Muulize muuzaji akuandikie saa ya dozi ya pili kwa kalamu juu ya boksi, wengi watakubali.